Mbio za Kutanguliziana Kwenye Nyasi: Mwongozo Kamili wa Kukimbia Gift za Australia

Nilipompelekea jirani yangu orodha ya washiriki wa Gift, yaani mbio za kushindania zawadi ya fedha, aliisoma mara mbili. Ni mama wa Uvira, tunaishi mtaa mmoja hapa Victoria, na binti yake wa miaka 16 alikuwa ameandikwa mita 11.5. "Mwalimu," akaniuliza, "maana yake ataanza mbele ya wenzake mita 11 na nusu? Wanamdharau mtoto wangu?" Nikamwambia, "Hapana, mama, ndivyo mbio zenyewe zilivyo." Hakuridhika. Aliikunja ile karatasi, akaiweka chini ya sahani ya ndizi, akanimiminia chai. Nilikaa pale hadi saa tatu usiku nikimweleza.

Mwongozo huu ni yale niliyomweleza jioni ile, pamoja na mengine niliyojifunza kwa kukimbia mwenyewe na kufundisha vijana. Nauandika kwa sababu familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, za Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya, zinaishi Australia karibu kabisa na viwanja hivi, zina watoto wenye mbio, na hazijui kwamba mlango uko wazi. Ukikumbuka jambo moja tu, likumbuke hili: mita unazopewa ni kipimo chako. Kipime kweli, kisha kimbia mbio zako.

Mbio hizi zilitoka wapi

Katika mbio za kawaida wote huanza mstari mmoja, na mwenye kasi hushinda. Katika mbio za handikapu, kila mkimbiaji hupewa sehemu yake ya kuanzia kulingana na uwezo wake. Mwenye kasi kubwa kuliko wote huanza nyuma, wengine hutangulizwa mita kadhaa mbele yake. Mpangaji, yaani afisa anayegawa mita hizo, akiipatia hesabu, wote wanafika kwenye utepe wakiwa bega kwa bega, na mkulima ana nafasi ileile aliyonayo bingwa wa taifa.

Waingereza na Waskoti walikuwa wakishindana hivi tangu karne ya 19, kwa fedha na kwa dau. Edinburgh ina mbio zake za Mwaka Mpya zilizoanza 1870 katika uwanja wa Powderhall. Wahamiaji waliokwenda Australia walizibeba mbio hizi, zikashika mizizi kwenye miji ya dhahabu. Stawell, mji ulioko magharibi mwa jimbo la Victoria, ulizaliwa na dhahabu iliyopatikana Pleasant Creek mwaka 1853. Mwaka 1878, wakati wa Pasaka, wachimbaji na wakulima wa pale walikimbia Stawell Gift ya kwanza, na mshindi alikuwa mkulima, W. J. Millard. Neno "gift" ni zawadi, ile fedha anayopewa mshindi, na mpaka leo kila mji wenye mbio za namna hii huita mbio zake kuu Gift. Umbali wa Stawell ulikuwa yadi 130; tangu 1973 ni mita 120, kwenye nyasi za Central Park, katika mwinuko mdogo unaouhisi kwenye mapaja kabla ya kuuona kwa macho. Mshindi hupata dola 40,000 za Australia, na tangu 2015 wanawake hupata kiasi hichohicho.

Kuna majina ninayowataka vijana wetu wayajue. Bobby Kinnear, mwana wa wenyeji asilia wa nchi hii, alishinda Stawell mwaka 1883. Lynch Cooper, wa kabila la Yorta Yorta, alishinda 1928. Baba yake ni William Cooper, yule mzee aliyepigania haki za watu wake. Na mwaka 1975 alikuja mtu wa upande wetu wa Bahari ya Hindi: Jean-Louis Ravelomanantsoa wa Madagaska, aliyekuwa amefika fainali ya mita 100 katika Olimpiki ya Mexico 1968. Alipangiwa sifuri. Hakutangulizwa hata sentimita moja, na wote wengine walianza mbele yake. Akawapata wote. Tangu mashindano yaanze, karibu miaka mia, hakuna aliyewahi kushinda kutoka kwenye sifuri kabla yake. Baada yake ilibidi kusubiri miaka 30, hadi Joshua Ross alipofanya hivyo mwaka 2005. Kila ninapofika Central Park humkumbuka yule Mmalagasi, na sitaacha kumtaja.

Hatua ya kwanza: elewa mita zako

Hapa nitakaa kidogo, maana wengi huparamia mazoezi kabla ya kuelewa hesabu, halafu wanashangaa kwa nini wanashindwa na watu wenye kasi ndogo kuliko wao.

Tuseme umeandikwa mita 8 katika mbio za mita 120. Mstari wa kumalizia ni mmoja kwa wote, kwa hiyo wewe utakimbia mita 112. Aliyeandikwa 2 atakimbia 118. Sasa jiulize: mita 8 zina thamani gani kwa sekunde?

Watu hukosea hapa kwa kugawanya muda wote kwa umbali wote. Usifanye hivyo. Kila mkimbiaji, popote anapoanzia, anatoka akiwa amesimama. Kila mmoja lazima apitie zile mita 30 za kuchapuka, ambazo ndizo za polepole. Kwa hiyo mita unazosamehewa si zile za mwanzo. Ni zile za mwisho, ambazo ungezikimbia ukiwa kwenye kasi yako, wakati miguu inaanza kuchoka. Kwa mwanamume mwenye mwendo mzuri, kila mita ya pale mwisho ni takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa mwenye kasi ndogo zaidi, mita moja ina thamani zaidi kidogo, sekunde 0.11 au hata 0.12, kwa sababu yeye huchukua muda mrefu zaidi kuivuka.

Chukua mfano. Mkimbiaji wa nyuma anaweza kukimbia mita 120 kamili kwa sekunde 12.6. Amepewa mita 2, sawa na sekunde 0.2, basi anatarajiwa kumaliza kwa 12.4. Wewe mita 120 kamili unazikimbia kwa 13.2. Umepewa 8, toa sekunde 0.8, unatarajiwa 12.4. Mmelingana. Hicho ndicho mpangaji anachokitafuta. Hapo sasa mshindi ni yule aliyejiandaa vizuri zaidi tangu mara ya mwisho alipopimwa.

Rudia sentensi hiyo ya mwisho, kwa sababu ndiyo siri yote. Huhitaji kuwa na kasi kuliko bingwa. Unahitaji kuwa na kasi kuliko ulivyokuwa mwezi uliopita, kwa sehemu moja au mbili za kumi ya sekunde, siku ya mbio. Mita zenyewe hugawanywa hadi robo, kwa hiyo utaona 7.25 au 9.75 kwenye orodha. Robo hiyo ni unene wa kifua kwenye utepe.

Kabla ya kujiandikisha jipime. Pima mita 120 kwa kamba ya kupimia kwenye nyasi, usipime kwa hatua. Pasha misuli moto vizuri, kimbia mara mbili ukipumzika dakika 15 katikati, na mtu mwenye saa asimame kwenye mstari wa kumalizia. Saa ya mkononi humpendelea mkimbiaji, kwa sababu anayeipima huchelewa kuibonyeza akisikia mlio. Ongeza takriban sekunde 0.24 ili ukaribie saa ya umeme. Andika matokeo pamoja na hali ya nyasi na upepo. Daftari hilo utalihitaji.

Hatua ya pili: jiandikishe, na useme yote

Kila jimbo lina ligi yake. Victoria ina Victorian Athletic League, iliyoundwa 1895, na ndiyo inayosimamia msimu unaoanza mwishoni mwa mwaka na kufikia kilele chake Pasaka kule Stawell. Utajiandikisha kama mkimbiaji, utamtaja kocha wako, na utaulizwa matokeo yako yote: ya shule, ya klabu, ya mashindano ya mtaani, ya nchi uliyotoka.

Sema yote. Kama uliwahi kukimbia mita 100 kwa sekunde 11.1 Bujumbura au Eldoret, liandike. Mpangaji wa handikapu anaishi kwa taarifa. Ukimpa pungufu atakupa mita nyingi kuliko stahili yako, na siku ukweli utakapojulikana, wasimamizi wa mbio wana mamlaka ya kukuita, kukuhoji, kukutoza faini, kukunyang'anya zawadi na kukufungia. Kwa mgeni, jina likichafuka mara moja halisafishiki haraka.

Kuna ugonjwa wa zamani kwenye mchezo huu: mtu kukimbia mashindano madogo huku ameificha kasi yake, apunguze mwendo karibu na utepe, aonekane wa kawaida, ili aongezewe mita kabla ya mashindano makubwa. Wenyeji humwita mtu huyo kwa Kiingereza "running dead", yaani amekimbia kama maiti. Utakutana na mtu atakayekuambia kila mmoja anafanya hivyo. Mimi niliwahi kuambiwa hivyo na kocha niliyemheshimu, na nikamwacha. Si kwa sababu ya kanuni peke yake. Mwili ukizoeshwa miezi mitatu kulegea kwenye mita 90, unalegea hata siku unayotaka usilegee. Nimeona kijana akipoteza nusu fainali kwa tabia hiyo aliyojifunza mwenyewe.

Kwa wazazi: mtoto wa chini ya miaka 18 anaweza kukimbia, na karibu kila mashindano yana mbio za vijana. Anzia huko. Soma pia kanuni za umri kwa mashindano yenyewe kabla ya kulipa ada.

Hatua ya tatu: chagua mashindano yako

Usianzie Stawell. Kila wiki au wiki mbili wakati wa kiangazi kuna mji wenye Gift yake, na mashindano madogo ndiyo shule. Siku ya Mwaka Mpya kuna Maryborough, hapahapa Victoria. Tasmania ina msururu wake wa sikukuu za Krismasi, Latrobe, Devonport na Burnie, ambako mbio za miguu hufanyika pamoja na mbio za baiskeli na mashindano ya kukata magogo kwa shoka, na Burnie Gift hukimbiwa tarehe 1 Januari. Australia Kusini wana Bay Sheffield kule Glenelg, siku za mwisho za Desemba. Jina "Sheffield" limebaki kutoka mji wa Uingereza uliosifika zamani kwa mbio hizi.

Kwa mkimbiaji mpya nashauri mashindano manne hadi sita kabla ya Pasaka. Ya kwanza mawili usijali nafasi. Unamfundisha mpangaji akujue na unajifunza uwanja. Jiandikishe pia mbio za mita 70 na za mita 300 au 400. Mita 70 zitakufundisha kuchapuka, mita 400 zitakufundisha kutafuta watu. Anayetaka kuelewa mbio ya kutafuta watu kutoka nyuma atazame picha za Cathy Freeman, mkimbiaji wa Australia, akikimbia mita 400 Stawell mwaka 1996. Wa mbele kabisa alianza zaidi ya mita 50 mbele yake. Freeman alimpata kwenye utepe.

Hatua ya nne: mazoezi ya wiki 10

Sitakupa ratiba ya kila siku, maana sijui unafanya kazi gani. Kijana anayebeba mizigo ghalani usiku hawezi kufanya mazoezi ya mwanafunzi. Nitakupa nguzo.

Mambo matatu kwa wiki yanatosha kuhusu mbio zenyewe. Siku ya kwanza ni kuchapuka na kupanda: mara 8 za mita 40 kwenye mwinuko mdogo wa nyasi, ukirudi kwa kutembea. Siku ya pili ni kasi ya juu: ingia taratibu kwa mita 30, kisha kimbia mita 30 kwa nguvu zako zote ukiwa umelegeza mabega, mara 4 au 5, pumziko dakika 5. Siku ya tatu ni kuimaliza mbio: mara 3 za mita 150 kwa asilimia 90, pumziko dakika 8 hadi 10. Mita 120 ni ndefu kuliko mtu wa mita 100 anavyodhani. Zile 20 za mwisho, tena kwa kupanda, humvua nguo aliyezoea kulegea kwenye 90.

Yote haya yafanyie kwenye nyasi. Hili nalisisitiza kwa sababu vijana wengi wanafundishwa kwenye uwanja wa kisasa wa riadha, wenye sakafu ya raba inayorudisha mguu juu, halafu wanashangaa nyasi zikiwameza. Nyasi hazirudishi kitu. Mguu unazama kidogo kila hatua, kifundo kinafanya kazi zaidi, na msuli wa nyuma ya paja unavutwa zaidi. Ongeza mazoezi ya kifundo kila siku: kurukaruka kwa kamba dakika 5, kusimama kwa mguu mmoja bila viatu ukipiga mswaki.

Kisha kuna zoezi ambalo halimo katika vitabu vya mbio za kawaida, nami ndilo nalipenda kuliko yote. Tafuta mwenzako mwenye kasi kukuzidi. Muweke nyuma yako kwa mita mnazokadiria zitawalinganisha, mkimbie mita 80. Kazi yako ni moja: usigeuze shingo, usikaze mabega utakaposikia nyayo zake. Mara ya kwanza utashindwa. Zile nyayo zikikaribia, mwili wote unataka kukimbia kwa mikono. Rudieni kila wiki hadi uzisikie kama unavyosikia mvua juu ya bati, ipo lakini haikuamrishi. Kisha badilishaneni: wewe ukae nyuma, umtafute mwenye kasi ndogo, ujifunze kutomkimbilia kwa pupa.

Wiki ya mwisho punguza kila kitu kwa nusu. Ijumaa kabla ya mbio, kuchapuka mara 4 za mita 20 kunatosha.

Hatua ya tano: viatu na vifaa

Viatu vya njumu vya mbio fupi, na misumari mirefu kidogo kuliko ya uwanja wa kisasa. Nyasi kavu na ngumu, milimita 9. Nyasi laini au zenye umande, milimita 12. Beba seti zote mbili na ufunguo wake. Vibao vya kuanzia hupigiliwa ardhini kwa misumari mirefu, kwa hiyo fanya mazoezi ya kuvipigilia mwenyewe. Kibao kinachocheza kimemwangusha mkimbiaji mmoja niliyekuwa nikimfundisha, akachubuka magoti yote mawili. Kofia, maji, mkeka au shuka la kukalia. Jua la Machi huku si la mchezo, na viwanja vingi vina kivuli kidogo.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Fika saa mbili kabla ya mchujo wako. Kwanza kaangalie jina lako, mchujo wako, rangi yako na mita zako. Kila mkimbiaji huvaa rangi inayolingana na nafasi yake. Katika Victoria, mwekundu ndiye anayeanzia nyuma kabisa. Ukivaa nyekundu, kila mtu yuko mbele yako. Ukiona nyekundu iko mbali nyuma yako, jua uko miongoni mwa wanaowindwa.

Kisha tembea kwenye njia yako kutoka alama yako hadi utepe. Tembea polepole, ukiangalia chini. Mashimo, unyevu, mahali nyasi zilipokatika, mahali ardhi inapoanza kuinuka. Tafuta kitu kilichoko nyuma ya utepe, mti au bango, ambacho macho yako yatakitazama ukikimbia. Watu wengi hawafanyi hivi, na huwa nawaona wakigundua mwinuko kwa mara ya kwanza wakiwa ndani yake.

Kupasha misuli: dakika 10 za kukimbia taratibu, kisha mazoezi ya kunyoosha ukiwa unatembea, kisha kuongeza mwendo mara 4 za mita 50, kisha kuchapuka mara 2 ukiwa na njumu. Maliza dakika 10 kabla ya kuitwa.

Waamuzi wakikuonyesha alama yako, hakikisha ndiyo. Mchunguze mwenzako wa kulia na kushoto: nani yuko mbele, nani nyuma, kwa kiasi gani. Ukishajua, sahau. Mwanzishaji atasimama mahali ambapo huenda humwoni, kwa kuwa wakimbiaji wametawanyika, sikiliza tu. Kwa mila ya mbio hizi, anayeondoka kabla ya mlio hurudishwa nyuma mita moja. Kanuni za mwaka huo zisome, lakini mazoea yako yawe kutoondoka kamwe kabla ya mlio. Mita moja uliyoitafuta kwa mwezi mzima isipotee kwa pupa ya nusu sekunde.

Hatua ya saba: mita 120 zenyewe

Ukiwa mbele, mbio zako zina sehemu moja ngumu, na iko baada ya mita 80. Hadi hapo hujaona mtu. Uwanja mzima uko wazi mbele yako na unafikiri umeshinda. Ghafla kelele za watu zinabadilika, zinapanda, na unajua kelele hizo si zako, ni za anayekuja nyuma. Hapo ndipo wengi hufa. Wanageuka, au wanakaza shingo, au wanarefusha hatua kwa nguvu ambayo hawana. Fanya kinyume: fupisha hatua kidogo, peleka viwiko nyuma, tazama ule mti wako. Mwinuko unataka hatua za haraka. Kifua kiende mbele hatua ya mwisho tu, si tatu kabla.

Ukiwa nyuma, hatari yako iko mwanzoni. Unaona migongo mbele yako na moyo unakuambia uipate yote sasa hivi. Ukiwafuata kwa pupa kwenye mita 40 za kwanza utakuwa umemaliza kila kitu ukifika 100. Chapuka kama kawaida yako, simama wima taratibu, ngojea kasi ije yenyewe. Wapitwe mmoja mmoja. Wa mwisho kabisa, yule aliye mbele, utampata hatua mbili za mwisho au hutampata kabisa, na hakuna njia ya mkato.

Ndiyo maana watu wenye majina makubwa hushindwa hapa. Gout Gout, kijana aliyezaliwa Australia kwa wazazi wa Sudan Kusini, Desemba 2024 alivunja rekodi ya taifa ya mita 200 kwa sekunde 20.04, rekodi iliyokuwa ya Peter Norman tangu 1968. Pasaka iliyofuata alikuja Stawell, umati ukafurika kumwona. Alitolewa nusu fainali. Aliyemtoa, John Evans, alianzia mbele yake, hakutishika, akaenda kushinda na fainali. Nilifurahi kumwona Gout pale, kijana wa damu ya Afrika anayeshangiliwa na mji mzima, na nilifurahi vilevile kuona kipimo kikifanya kazi yake.

Kwenye mchujo usijizuie ili kuhifadhi nguvu kama hujui hakika nafasi yako. Kwa kawaida nusu fainali za Stawell hutoa mshindi peke yake kwenda fainali. Wa pili anakwenda kununua chipsi.

Hatua ya nane: baada ya mbio, na suala la kubeti

Ukishinda, wiki inayofuata mita zako zitapunguzwa. Usilalamike, mpangaji anakuambia kwamba umepanda. Ukishindwa mara kadhaa ukiwa umekimbia kwa moyo wote, unaweza kuongezewa robo au nusu mita. Ukiona umepangwa vibaya, andika barua ya heshima, ambatisha muda wako kutoka kwenye lile daftari, tarehe kwa tarehe. Nimewahi kuona barua kama hiyo ikisikilizwa. Makelele kwenye meza ya waamuzi sijawahi kuona yakisikilizwa.

Kubeti ni sehemu ya mila hii tangu mwanzo, na Stawell utawakuta wapokea dau uwanjani wakiwa na mbao zao zinazoonyesha malipo ya dau kwa kila mkimbiaji. Zamani wakimbiaji na makocha wao waliweka mshahara wa mwaka kwa mbio za sekunde 12. Mimi sibeti, na vijana wangu nawaambia wasibeti, kwa sababu mkimbiaji aliyeweka dau ana mambo mawili kichwani, na mita 120 zina nafasi ya jambo moja. Kwa aliye chini ya miaka 18 ni marufuku kisheria. Mtu asiyemjua akimuuliza mtoto wako "unajisikiaje leo, mguu mzima?" kwa upole mwingi, mtoto ajibu "nashukuru, mjomba" na aendelee kutembea.

Kuhusu fedha zenyewe: hata mashindano madogo hulipa wa kwanza hadi wa tatu au zaidi, na hicho ndicho kilichowatenga wakimbiaji hawa zamani. George McNeill wa Scotland, aliyeshinda Powderhall 1970 na Stawell 1981, hakuweza kwenda Olimpiki kwa sababu alikuwa amelipwa kama mwanasoka. Leo ukuta huo haupo. Unaweza kukimbia Gift Jumamosi na mashindano ya klabu Jumatano. Weka risiti za safari, za viatu na za ada, kwa sababu zawadi ikiwa kubwa utahitaji kumuuliza mtu wa kodi.

Yule binti wa jirani alikimbia mchujo wake kutoka mita 11.5 na akawa wa tatu. Alisikia nyayo kwenye 90, akageuka. Jioni tulikaa tukaangalia video kwenye simu, mama yake akiwa nyuma yetu na mwiko mkononi. Mama alisimamisha video pale shingo ilipogeuka, akaniuliza wiki ijayo ni uwanja gani na orodha ya mita hutoka siku gani. Nikamwambia hutoka kabla ya mwisho wa wiki, kwenye tovuti ya ligi. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilimkuta nyuma ya nyumba na kamba ya kupimia, anampimia mwanawe mita 80 kwenye nyasi za uwanja wa jirani, na kaka yake mkubwa amesimama mita 5 nyuma.